Alidhaniwa amedumaa: kisa cha binti mwenye kromosomu moja ya X mkoani Iringa

Kwa nini nakiandika kisa hiki

Mimi ni tabibu katika kituo cha afya mkoani Iringa, ukanda wa juu wenye baridi. Binti ninayemwandika hapa nitamwita Zawadi. Jina si lake. Kijiji, shule na baadhi ya tarehe nimebadilisha ili asitambulike, na yeye na wazazi wake wameridhia kisa kiandikwe. Mfuatano wa mambo na vipimo nimeviacha kama vilivyokuwa.

Nawaandikia matabibu wenzangu, wauguzi wa kliniki ya watoto na walimu. Mtoto huyu alipita mikononi mwetu sote kwa miaka 15. Kila mmoja wetu alikuwa na maelezo yake juu yake, na kila maelezo yalikuwa na mantiki yakitazamwa peke yake. Hakuna aliyeyaweka pamoja.

Usuli: mtoto mfupi katika mkoa wa udumavu

Zawadi ni mtoto wa tatu wa wakulima wa viazi na mahindi. Alizaliwa zahanati, mimba ikiwa imetimia, na uzito wa kilo 2.5. Mama yake ametunza kadi ya kliniki ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na cheti cha ubatizo. Nilipoifungua miaka 15 baadaye, kwenye ukurasa wa kuzaliwa nilikuta maneno mawili ya wino wa bluu, mwandiko wa muuguzi: "miguu imevimba". Hapakuwa na kingine. Mama anakumbuka kwamba uvimbe ulikuwa juu ya nyayo na migongoni mwa viganja, unabonyea kama unga uliokandwa, na uliisha wenyewe kabla mtoto hajaanza kukaa. Bibi alisema ni chumvi aliyokula mama akiwa mjamzito, na mjadala ukaishia hapo.

Kwenye kadi hiyohiyo mstari wa ukuaji ulianza chini na ukabaki chini. Mwezi baada ya mwezi imeandikwa "ushauri wa lishe". Siwalaumu walioandika. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto waliodumaa chini ya miaka mitano ni asilimia 30 kwa nchi nzima, lakini Iringa ni asilimia 57, na Njombe na Rukwa ni karibu nusu ya watoto. Hii ndiyo mikoa inayolisha nchi. Mhudumu anayefanya kazi hapa akiona mtoto mfupi, akili yake inakwenda kwenye uji wa lishe kabla hajamgusa, na mara nyingi anakuwa sahihi.

Kwa Zawadi hatukuwa sahihi, na ushahidi ulikuwa nyumbani kwao. Dada yake, waliyekula naye chungu kimoja, alimzidi kichwa kizima. Mdogo wake wa kiume alimpita urefu akiwa darasa la tatu. Mama aliniambia jambo ambalo halijanitoka moyoni: "Kila nikipata yai moja nilimpa yeye, wenzake wakala mboga tu. Niliambiwa huyu ndiye mwenye udumavu."

Akiwa na miaka 6, na tena akiwa na miaka 9, aliletwa kituoni kwetu akitokwa usaha masikioni. Mara zote mbili ni mimi niliyemtibu. Nilisafisha, nikatoa dawa, nikamruhusu. Sikumpima urefu hata mara moja.

Shuleni: maneno mengi, hesabu hapana

Zawadi aliwahi kusema, akawahi kusoma. Akiwa darasa la tatu alisimamishwa kanisani kusoma somo la kwanza, juu ya kibao kwa sababu hakuifikia mimbari, na wazee wakasema mtoto huyu atakuwa wakili. Insha zake za Kiswahili zilisomwa mbele ya darasa. Nyumbani wanaongea Kihehe, shuleni Kiswahili, na alipofika sekondari Kiingereza nacho hakikumtisha.

Hesabu zilimshinda tangu siku za kwanza. Alijua kwamba saba mara nane ni hamsini na sita kwa sababu alikariri jedwali kama shairi. Alipotakiwa kuandika 56 chini ya 40 ili ajumlishe, tarakimu zilihama safu, 5 ikakaa chini ya 0. Kunakili jedwali kutoka ubaoni kulimchukua kipindi kizima, na bado mistari iliingiliana. Maumbo yalikuwa giza kabisa kwake. Walimu walifikia uamuzi ambao hata mimi ningeufikia: mtoto anayeongea hivi hawezi kushindwa hesabu, hataki tu. Alichapwa kwa uvivu.

Alichapwa pia kwa jeuri. Mwalimu alikuwa akimfokea kwa kuchelewa, yeye akawa anatabasamu. Mwalimu akaona ni dharau. Zawadi alinieleza baadaye kwamba hakujua kama mwalimu amekasirika. Alidhani anasimulia kitu kwa sauti kubwa. Kuchelewa kwenyewe kulikuwa na sababu: shule ilikuwa imehamishia kidato chao kwenye jengo jipya, na kwa wiki tatu alikuwa akipotea kati ya bweni na darasa, umbali usiozidi mita 200.

Siku matroni alipomleta

Kisa hiki kilifunguliwa na matroni wa hosteli, si na daktari. Alikuwa ameona mambo mawili. Zawadi, kidato cha pili, miaka 15, hakuwahi kuomba pedi kwa miezi 14 aliyokaa bwenini. Na alikuwa akioga alfajiri peke yake, maji ya baridi ya Juni, kabla wenzake hawajaamka. Matroni hakumhoji mbele ya watu. Alimwambia, "Twende tukaangalie yale masikio yako," akamleta kituoni, kisha akanong'ona nami pembeni.

Nilimpima urefu: sentimita 134. Uzito kilo 36. Matiti yalikuwa hayajaanza. Kwa kuwa wanafunzi wetu hunyoa, mstari wa nywele kisogoni ulionekana wazi, umeshuka hadi karibu na mabega, na shingo ilikuwa fupi na pana. Akinyoosha mikono, viwiko vilipinda kwenda nje kuliko kawaida. Akikunja ngumi, kifundo cha kidole cha nne kilizama. Kila kimoja kati ya hivi unaweza kukiona kwa mtu mzima wa afya. Vyote vikikutana kwa binti mfupi asiyevunja ungo, ni lazima ufikirie hali ya Turner, yaani binti kuzaliwa na kromosomu moja ya X badala ya mbili.

Siku iliyofuata niliomba wazazi waje, nikawapima urefu. Baba sentimita 171, mama 161. Kwa binti, unajumlisha urefu wa wazazi, unatoa 13, unagawa kwa mbili. Ilikuja sentimita 159 na nusu. Mtoto mwenye urefu wa 134 akiwa na miaka 15 alikuwa amekwenda mbali sana na urithi wake, wakati ndugu zake wote walikuwa wanaukaribia. Hesabu hii haihitaji umeme wala maabara. Ingeweza kufanyika akiwa na miaka mitano.

Saa ya ukutani na njia ya kwenda nyumbani

Nilitaka kuelewa habari ya hesabu kabla sijaita chochote ugonjwa. Nilianza na zoezi linalotumika sana: nikampa karatasi, nikamwambia achore saa inayoonyesha saa nne na dakika kumi. Alipanga tarakimu zote 12 upande wa kulia wa duara, zikabanana kama mbuzi mlangoni.

Nikajizuia. Zoezi hili lina mtego kwetu. Sisi tunasema saa nne huku mshale mfupi ukielekea 10, kwa hiyo mtoto anachora huku akitafsiri. Pia nyumba nyingi vijijini hazina saa ya mishale. Watoto wanasoma saa kwenye simu. Ningeweza kumpachika mtoto tatizo la ubongo kwa kosa la zoezi.

Basi nikamwomba achore njia ya kutoka kwao hadi shule ya msingi, njia aliyoipita kwa miaka saba. Alichora mstari mmoja ulionyooka, mwanzo nyumba, mwisho shule. Nikamwambia anisimulie. Hapo akafunguka: "Ukitoka kwetu unaacha mparachichi mkono wa kulia, unashuka mpaka usikie maji. Ukivuka kidaraja usifuate njia pana, hiyo inakwenda kwenye misitu ya mbao. Fuata yenye mavi ya ng'ombe. Utakuta nyumba ya bati jekundu iliyobaki bila mlango, hapo geuka upande wa kanisa." Aliendelea dakika tano bila kukosea. Mama yake alithibitisha kila kona.

Kumbe alikuwa na njia ile kichwani, ila ilikuwa imehifadhiwa kama hadithi. Ramani hakuwa nayo. Shuleni walipobadilisha jengo alipotea kwa sababu hakuna aliyekuwa amempa hadithi mpya. Niliandika hili kwenye faili lake kwa ukamilifu, na ndilo lililotuongoza baadaye kuliko majibu ya maabara.

Vipimo

Kipimo cha kromosomu hakifanyiki kwetu. Damu inawekwa kwenye chupa yenye heparini, ile ya kizibo cha kijani, na lazima ifike maabara chembe zikiwa hai, kwa sababu zinakuzwa kwa siku kama tatu ndipo zihesabiwe. Sampuli ya kwanza tuliituma Dar es Salaam siku ya Ijumaa kwa basi, imegusana na barafu. Ikalala kwenye ofisi ya vifurushi Jumamosi na Jumapili. Chembe hazikukua. Kosa lilikuwa letu, na familia ilikuwa imeuza magunia ya viazi kulipia. Maabara ilikubali kurudia kwa gharama ya usafiri tu. Ya pili tuliituma Jumatatu, bila barafu, na mtu wa kuipokea stendi. Majibu: 45,X katika chembe zote zilizohesabiwa, yaani kromosomu 45 badala ya 46, X ikiwa moja tu.

Homoni ya FSH ilikuwa juu sana, maana yake ubongo unaziita ovari na ovari haziitiki. Shinikizo la damu mikononi na miguuni halikutofautiana. Eko ya moyo kwenye hospitali ya rufaa ilionyesha vali ya aota, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni, yenye vipande viwili badala ya vitatu, bila mshipa kubanwa. Figo na tezi ya shingo vilikuwa sawa. Usikivu ulikuwa umepungua kidogo masikio yote mawili.

Kromosomu moja inavyogusa ubongo

Hapa nitakaa kidogo, maana ndicho kilichokosekana katika mafunzo yangu. Nilifundishwa kwamba Turner ni ufupi na kukosa hedhi. Sikufundishwa kuhusu daftari la hesabu.

Hali hii ilielezwa na Otto Ullrich wa Ujerumani mwaka 1930 na Henry Turner wa Marekani mwaka 1938, aliyeandika juu ya wasichana na wanawake saba. Wakati huo hakuna aliyejua hata idadi kamili ya kromosomu za binadamu. Kwamba ni 46 ilithibitishwa mwaka 1956. Mwaka 1959 Charles Ford na wenzake Uingereza walionyesha kwamba binti mwenye hali hii alikuwa na X moja tu. Humpata mtoto mmoja kati ya wasichana 2,000 hadi 2,500 wanaozaliwa hai. Mimba nyingi za namna hii hutoka mapema. Haisababishwi na chakula, wala dawa, wala umri wa mama. Ni ajali ya kugawanyika kwa chembe.

Swali ambalo mwalimu mmoja aliniuliza ni zuri kuliko nililowahi kuuliza mimi: kama mwanaume anaishi na X moja na yuko sawa, kwa nini binti asiwe sawa? Mwaka 1961 Mary Lyon alieleza kwamba katika kila chembe ya mwanamke X moja huzimwa. Lakini haizimwi yote. Kama asilimia 15 ya jeni zake hubaki zikifanya kazi, na mwili umezoea kupata dozi mbili za jeni hizo. Baadhi yake mwanaume anazo pia kwenye kromosomu Y, kwa hiyo naye anapata dozi mbili. Binti mwenye X moja anabaki na nusu. Jeni iitwayo SHOX ni mfano: nusu dozi yake ndiyo sababu kubwa ya ufupi. Ubongo nao unajengwa kwa jeni za namna hii, tangu tumboni.

Picha za MRI za wasichana wenye Turner zimeonyesha mara kwa mara kwamba eneo la juu kuelekea kisogoni, wataalamu huliita parietali, ni dogo kuliko la wenzao. Hilo ndilo linalopanga vitu katika nafasi: kushoto na kulia, safu na mistari, umbali, kuzungusha umbo akilini, ukubwa wa namba. Mwaka 2003 Nicolas Molko na wenzake Ufaransa walionyesha kwamba mfereji mmoja ndani ya eneo hilo, upande wa kulia, una umbo tofauti kwa wanawake hawa na hauamki ipasavyo hesabu zinapokuwa ngumu. Maeneo ya lugha kwa kawaida yako salama. Amigdala, kiini kinachosaidia kusoma hofu na hasira kwenye uso wa mtu, huwa kubwa kuliko kawaida na kazi yake hutofautiana. Akili kwa ujumla, kwa wengi wao, ni ya kawaida kabisa.

Someni tena sehemu ya shule mkiwa na haya mkononi. Safu zinazohama, ramani inayokosekana, uso wa mwalimu usiosomeka, na ulimi unaotiririka: mambo manne tuliyoyaita uvivu, uzembe, jeuri na kipaji, kila moja kwa jina lake, yanatoka kwenye shina moja.

Kuna upande wa pili wa sarafu unaosaidia kuelewa. Wavulana wenye X ya ziada, yaani XXY, ambao Harry Klinefelter aliwaeleza mwaka 1942, ni wengi zaidi, kama mmoja kati ya wavulana 600. Kwao mambo huelekea kinyume: ni warefu, na udhaifu unakaa zaidi kwenye lugha, kusoma na kutafuta maneno, huku kazi za maumbo zikiwa afadhali. Upungufu wa X na ziada yake vinasukuma ubongo pande tofauti. Darasani kwetu kijana wa aina hiyo ataitwa mzito au bubu, na hakuna atakayempima homoni mpaka aoe akose mtoto.

Njia ya pili ambayo hali ya Turner inagusa ubongo ni homoni. Estrojeni, homoni ya kike inayotolewa na ovari, hufanya kazi pia kwenye ubongo. Judith Ross na wenzake Marekani, mwaka 1998, walionyesha kwamba wasichana wenye Turner wa miaka 10 hadi 12 waliopewa dozi ndogo walipata wepesi zaidi wa mikono na wa kushughulikia mambo yasiyo ya maneno. Ramani haikurudi, kasi iliongezeka.

Tulivyoamua, na kwa nini

Kama kipimo cha kromosomu kilistahili gharama, tulijadiliana kwa siku mbili. Dalili zilikuwa wazi. Tulikubali kwa sababu moja: baadhi ya mabinti hawa wana vipande vya kromosomu Y vilivyojificha, na hao ovari zao zisizokua huweza kugeuka uvimbe wa saratani. Bila kipimo usingeweza kumhakikishia mama.

MRI ya ubongo hatukuomba. Isingebadilisha chochote tutakachofanya, na fedha hiyo ilihitajika kwa moyo. Homoni ya ukuaji hatukuianzisha: ingefaa zaidi kuanzia miaka minne au mitano, bei yake iko mbali na familia hii, na mifupa ya Zawadi ilikuwa imebakiza nafasi ndogo. Niliwaeleza wazazi wazi, wasije wakauza shamba kwa kutafuta sentimita tatu.

Daktari bingwa alianzisha estrojeni kwa dozi ndogo sana, kidonge kinakatwa, na kupandishwa taratibu kwa miaka miwili. Kuanza na dozi kubwa kungefunga mifupa haraka.

Shuleni nilikwenda mwenyewe, na mkuu wa shule akaita walimu wake wote. Tulikubaliana mambo machache. Akae mbele, upande wa dirisha, kwa ajili ya masikio. Hesabu aandike kwenye daftari lenye miraba, tarakimu moja kila mraba. Majedwali apewe yameandikwa, asinakili. Kila hatua ya hesabu ageuze kuwa sentensi na aiseme kwanza. Jengo likibadilika, mwenzake amsimulie njia. Na mwalimu akikasirika, aseme: "Zawadi, nimekasirika." Walimu wawili walicheka hili la mwisho. Mwalimu aliyewahi kumchapa kwa kutabasamu hakucheka. Alinyamaza, kisha akaomba ruhusa kutoka nje.

Uamuzi mmoja nilikosea vibaya. Niliwaeleza wazazi kwanza, nikampa Zawadi miadi ya wiki mbili baadaye, nikitaka nijiandae na maneno mazuri. Baba alikuja na dada yake, kama ilivyo desturi jambo la binti likizungumzwa, na sikuwa na moyo wa kumtoa shangazi nje. Katika yote niliyosema shangazi alibeba neno moja. Siku ya kumi na mbili, bombani hosteli, msichana mmoja alimwita Zawadi tasa.

Alipokuja kwangu alikuwa ameshajua kila kitu kwa namna mbaya. Aliniuliza, "Mlikuwa mnanisubiri nini?" Sikuwa na jibu. Niliomba radhi, nikaanza upya, mbele yake na mama yake tu. Nilimweleza kwamba ovari zake hazitatoa mayai, kwamba homoni itampa mwili wa mwanamke, kwamba ndoa haizuiwi na chochote kati ya haya, na kwamba moyo wake ndio tutakaoulinda maisha yake yote. Alisikiliza hadi mwisho, akaomba karatasi, akaandika kila kitu kwa maneno yake.

Bibi, kwa upande wake, alikuwa anaamini mjukuu amefungwa na mtu. Sikubishana naye. Nilimwonyesha picha ya kromosomu, jozi 22 zimepangwa na moja imebaki peke yake kama kiatu kilichopotelewa mwenzake. Aliitazama muda mrefu akauliza, "Hii ndiyo aliyozaliwa nayo?" Nikasema ndiyo. Hakuzungumzia tena kufungwa.

Matokeo baada ya miaka miwili

Zawadi ana miaka 17 sasa. Urefu umefika sentimita 140. Mwili umekua, homoni ya pili imeongezwa, na hedhi imeanza. Hakuoga tena alfajiri. Vali ya moyo haijabadilika. Dawa zilikatika mara mbili kwa wiki kadhaa kwa sababu ya upungufu, na mara moja kwa sababu shangazi alimshawishi aache.

Hesabu bado ni F. Alikuwa akipata 4 kwa 100, sasa anapata 22 hadi 26, na kizingiti cha D ni 30. Maumbo yote anaruka. Kiswahili ana A, Historia B. Hajachapwa tangu kile kikao.

Badiliko kubwa nililiona gulioni. Mama yake humwachia meza ya viazi. Zamani alikuwa akirudisha chenji ovyo. Mwalimu wake wa hesabu alimtengenezea kipande cha boksi chenye sentensi: "Sado mbili ni elfu tano. Akitoa nyekundu moja ya elfu kumi, mrudishie elfu tano." Nilisimama pembeni nikamwangalia akihudumia wateja sita. Kabla ya kila chenji midomo yake ilicheza kidogo, anajisomea. Hakukosea.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Kilichofaa zaidi ni jicho la matroni na utulivu wake. Bila yeye binti huyu angefika kwetu akiwa na miaka 25, ameachika kwa ugumba, na mshipa wa moyo haujawahi kutazamwa.

Cha pili ni kutafuta kutolingana. Lishe duni inapoathiri akili ya mtoto, kwa kawaida hugusa maeneo mengi kwa pamoja. Haimwachii mtoto lugha ya wakili na kumnyima safu za kujumlisha. Pengo kubwa namna ile kati ya jambo moja na jingine lilitakiwa lizue swali kwa walimu na kwetu. Na ufupi usiogusa ndugu wa chungu kimoja ni pengo la aina hiyohiyo mwilini.

Sipendi kisa hiki kitumike kudharau kazi ya lishe. Udumavu wa Iringa ni wa kweli na watoto wengi wafupi ninaowaona wanahitaji chakula bora, si kromosomu. Ninachodai ni kidogo: binti mfupi aandikiwe urefu wa mama na baba kwenye kadi, na aliyezaliwa na miguu iliyovimba afuatwe.

Kilichoshindikana ni muda. Estrojeni ingeanza akiwa na miaka 11 au 12, wakati ubongo na mifupa vilikuwa vinaisubiri. Masikio yangeshughulikiwa kabla usikivu haujapungua. Na sitaki mtu asahau kwamba sehemu ya ugumu wake darasani ilikuwa ni kutosikia tu. Sampuli ya kwanza ilipotea kwa uzembe wa upakiaji. Siri yake ilivuja chumbani kwangu. Kwa mtoto wa miaka 15 mwenye akili timamu, yeye ndiye alipaswa kuambiwa kwanza, au angalau siku hiyohiyo na wazazi wake, mlango umefungwa.

Masikio yanayougua mara kwa mara, kama miguu iliyovimba wakati wa kuzaliwa, ni dalili mojawapo ya hali hii. Mwezi uliopita nilipitia rejista yetu ya magonjwa ya masikio ya miaka mitano. Nilitoa majina ya wasichana wote waliorudi zaidi ya mara moja, nikawaita pamoja na wazazi wao kupimwa urefu. Wamekuja 19. Kumi na saba wanakwenda na urithi wao au na ndugu zao. Wawili hapana. Mmoja, ndugu zake wote ni wafupi vilevile, tumempeleka kwa afisa lishe. Wa pili ana miaka 7, anasoma vizuri kuliko darasa lake, na mama yake anasema hajui kufunga vifungo vya shati. Damu yake imeondoka Jumatatu asubuhi, bila barafu.